Nukta moja ndani ya faili

Msikilizaji, wenyeji wa Arusha mtakumbuka kwamba karibu na mwaka 2000 simu za mezani za hapa ziliacha kuanza na 057 zikaanza na 027. Mchora mabango aliyeitwa kurekebisha ubao wa duka hapa Sekei hakuhitaji kuonywa asiiguse 057 iliyojificha katikati ya namba nyingine. Alikuwa akisoma anachokipaka rangi. Kompyuta haisomi hivyo.

Nayasema haya kwa ajili ya vijana wanaotunza kompyuta za maofisi na nyumba za wageni mjini kwetu. Kazi yao ni kurekebisha mafaili ya mipangilio, yaani maandishi ya kawaida yanayoiambia mashine ianze vipi na iwasiliane na nani. Wengi hutumia sed, programu iliyobuniwa na Lee McMahon katika maabara ya Bell, Marekani, miaka ya 1970. Haina madirisha wala haitaki kipanya. Unaiandikia amri, nayo inapita mstari kwa mstari ikibadilisha ulichotaja. Mafaili mia moja ni kufumba na kufumbua.

Kasi hiyo ndiyo hatari yenyewe. Tuseme mashine kuu ya ofisi inahama kutoka anwani 192.168.1.1 kwenda 192.168.1.2. Fundi anaandika:

sed -i 's/192.168.1.1/192.168.1.2/' mipangilio.conf

Basi printa iliyokuwa 192.168.1.10 nayo imegeuka 192.168.1.20, maana namba yake inaanza vilevile. Sed haitalalamika, imefanya ilichotumwa. Siku ya mishahara mhasibu atachapa, na karatasi haitatoka. Tena kwa sed nukta si nukta, ni herufi yoyote ile. Amri yenye uangalifu ni hii:

sed -i.bak 's/192\.168\.1\.1\b/192.168.1.2/' mipangilio.conf

Alama ya \ mbele ya nukta huifanya iwe nukta tu. Ile \b, inayofahamika kwenye Linux, husema namba iishie hapo. Nayo .bak huacha nakala ya faili la zamani pembeni. Kisha:

diff mipangilio.conf.bak mipangilio.conf

Hapo utaonyeshwa mistari iliyobadilika peke yake. Fundi asiyesoma majibu ya diff, mimi nisingemkabidhi ufunguo wa chumba cha mashine, hata awe na vyeti vingapi. Ukitegemea mstari mmoja ukaona minne, rudisha faili la zamani kabla wafanyakazi hawajafika.