Nyumba ya Shamba Irente: Kutoka kwa Walowezi hadi kwa Kanisa

Shamba la Irente liko kilomita 5 hivi kutoka mjini Lushoto, karibu na ukingo ambako Milima ya Usambara ya Magharibi inakatika ghafla. Chini ya genge, kwa kina cha karibu mita 1,000, huonekana Mazinde, mashamba ya mkonge na nyika ya Wamasai. Shamba hili lilianza kama mali ya walowezi wa Kizungu. Leo linamilikiwa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki.

Kabla ya walowezi, milima hii ilikuwa chini ya wafalme wa Kilindi waliokaa Vuga. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, wanawe na wajukuu waligombania utawala, na Semboja akajiimarisha Mazinde ili ashike njia ya misafara. Ufalme uliogawanyika hivyo ndio Wajerumani walioukuta. Amri yao ya mwaka 1895 iliifanya ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya serikali. Amri hiyo iliwaumiza wenyeji, kwa sababu Mshambaa aliyepumzisha konde lake hakuwa amelitupa.

Walowezi walivutiwa na baridi. Katika mwinuko wa mita 1,400 na zaidi, malaria ilikuwa nadra kuliko pwani, na viazi, mboga na ng'ombe wa maziwa vilistawi. Lushoto iliitwa Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wa Ujerumani. Mwaka 1905 reli kutoka Tanga ilifika Mombo, chini ya milima, na mazao yakapata njia ya kwenda sokoni. Nyumba za mashamba ya enzi hiyo zilijengwa kwa kuta nene, baraza pana na meko ya kuotea moto, kwa maana usiku wa Juni na Julai huko juu ni wa baridi kali. Mbao za mierezi zilipasuliwa Shume, ambako kampuni ya Wilkins na Wiese ilijenga njia ya kamba ya chuma, yenye urefu wa kilomita 9 hivi, ya kuteremshia magogo hadi Mkumbara.

Mashamba hayo yalihitaji mikono, na Washambaa wenye makonde yao hawakuwa na haja ya kibarua. Ndipo mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ikaanzisha kadi za kazi. Kila mwanamume alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia Mzungu kazi kwa siku 30 ndani ya miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyemaliza kadi yake alipelekwa kwenye kazi za serikali. Yeyote anayesifu uzuri wa nyumba kongwe za Usambara anapaswa kukumbuka kadi hizo, kwani jasho lililostawisha mashamba halikutolewa kwa hiari.

Waingereza waliiteka Wilhelmstal mwaka 1916. Mali za Wajerumani zilitaifishwa na kuuzwa. Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika katikati ya miaka ya 1920, na vita vya mwaka 1939 vikawaondoa wengi tena. Kwa hiyo ni mashamba machache milimani yaliyobaki katika ukoo mmoja kwa vizazi kadhaa.

Mengine yaliangukia mikononi mwa watu wa dini. Sakharani, karibu na Soni, lililokuwa shamba la afisa Tom von Prince, aliyeuawa katika vita vya Tanga mwaka 1914, sasa ni la watawa Wabenedikti. Irente lilikwenda kwa Walutheri, ambao kanisa lao lilikuwa na mizizi ya zamani katika milima hii: wamisionari wa Betheli walifika Mlalo mwaka 1891.

Chini ya kanisa, sura ya Irente imebadilika kabisa. Eneo hilo lina shule ya wasioona, shule ya watoto wenye ulemavu wa akili, na kituo cha kulea watoto wachanga, wakiwemo waliofiwa na mama zao. Kilimo hakikuachwa. Shamba hufuga ng'ombe, hutengeneza jibini, mkate na jemu, na hupokea wageni wanaolala hapo au kupumzika kwa chakula wakiwa njiani kwenda kutazama genge.