Nyundo Ije Mwisho

Ukitaka kujua biashara ya dhahabu ya wachimbaji wadogo inasimama juu ya nini, usianzie shimoni. Anzia kwenye makarasha. Jiwe likishatolewa duarani, yaani shimoni, huko Nyarugusu na Rwamgasa za Geita au Mwime ya Kahama, halimfai mtu mpaka lisagwe liwe unga, na kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na injini ndogo ya dizeli yenye silinda moja, iliyofungwa mkanda hadi kwenye karasha. Injini ya aina hiyo hiyo huvuta maji mashimoni, hukoboa mpunga, na ndiyo iliyokuwa ikisaga mahindi katika vijiji vingi vya Shinyanga kabla nguzo za umeme hazijafika. Siku ikigoma kuzunguka, hukumu hutoka upesi: imenoki. Kisha inaletwa nyundo. Makala haya yanaupinga utaratibu huo. Injini iliyokwama, kwa sehemu kubwa ya mwili wake, bado ni nzima, na mara nyingi huuawa na yale inayofanyiwa katika saa ya kwanza, kabla hajatokea mtu wa kuuliza imekwama kwa nini.

Swali hilo lina uzito kwa sababu kuna kukwama kwa namna mbili kubwa, na tiba ya moja ni sumu kwa nyingine. Kwanza kuna kukwama kwa joto. Chukua injini ya Kichina aina ya S195, iliyozagaa Afrika Mashariki nzima: silinda moja iliyolala, kipenyo cha milimita 95, nguvu za farasi wapatao 12, na juu yake tangi la maji lililo wazi. Maji yale hupoza injini kwa kuchemka na kupanda kama mvuke. Kupungua kwake si hitilafu, ndivyo ilivyoundwa, na kwa hiyo lazima mtu ayaongeze. Karasha likilemewa na mawe magumu, mwangalizi akasinzia, maji yakakauka, hesabu inayofuata ni rahisi. Pistoni ni ya aluminiamu, slivu, yaani bomba ambamo pistoni hutembea, ni ya chuma cha kusubu, na aluminiamu hutanuka kwa joto takribani mara mbili ya chuma. Joto la vyote viwili likizidi kwa nyuzi 100, pistoni ya upana huo hunenepa kuliko tundu lake kwa kama sehemu ya kumi ya milimita. Nafasi ambayo kiwanda kiliacha kati yao ni ya kiasi hicho hicho. Oili inakamuliwa, aluminiamu inalamba ukuta wa slivu na kujipaka pale kama chaki ubaoni, injini inasimama.

Namna ya pili ni kutu, na hii ina historia yake katika ukanda wa dhahabu. Dhahabu ya wachimbaji wadogo huhama. Habari ikitoka kwamba kuna mlipuko wa dhahabu kijiji fulani, rashi inaanza, watu na mashine wanahama, na mwalo, yaani eneo la kusagia na kuoshea mawe, uliokuwa ukivuma usiku na mchana unabaki na injini mbili tatu chini ya turubai lililochanika. Hapo hakuna joto wala mzigo. Kuna mvua tu za kuanzia Novemba hadi Mei, na bomba la moshi lililoelekea juu bila kifuniko. Injini ikisimama vali ya moshi ikiwa imefunguka, maji hushuka moja kwa moja hadi juu ya pistoni. Hata bila mvua, hewa ya usiku huacha umande ndani ya silinda. Maji yaliyotolewa shimoni na kutiwa kwenye tangi huongeza balaa, kwa maana yamepita kwenye miamba yenye salfaidi, na miamba hiyo ikikutana na hewa huweza kuyafanya maji kuwa na tindikali. Kutu inayozaliwa humo hujaza nafasi angalau mara mbili ya chuma ilichokila. Kwa hiyo si uchafu uliokaa juu juu, ni kabari iliyojipigilia yenyewe kati ya ringi na slivu, na kila pigo la nyundo huikaza.

Kabla ya kuamua ni ipi kati ya hizo mbili, kuna mambo ya kuangalia yasiyohitaji hata spana kubwa. Vua mkanda kwanza. Inachekesha, lakini injini inaweza kuhukumiwa kifo wakati kilichokwama ni karasha lenyewe. Chungulia oili kwenye kijiti: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Fungua nozeli; maji au mafuta yakiruka kupitia tundu lake flaiwili inaposukumwa, basi hakukuwa na kutu wala kuungua, kulikuwa na kimiminika juu ya pistoni, na kimiminika hakibanwi kama hewa. Anayelazimisha flaiwili katika hali hiyo anapinda konrodi iliyokuwa nzima. Flaiwili ikicheza sentimita chache huku na huko kisha ikagota ghafla kwa sauti kavu, tafuta jino la gia lililovunjika au vali iliyodondoka. Isipocheza hata unywele, ndipo urudi kwenye pistoni na kuuliza: mara ya mwisho ilisimama yenyewe ikiwa kazini, au ilizimwa vizuri ikaachwa? Jibu la swali hilo moja ni nusu ya ufundi wote.

Ikiwa ni joto, iache ipoe kabisa. Wakati mwingine pistoni hunywea na kujiachia yenyewe, na hapo ndipo wengi wanapopotoka: wanajaza maji, wanapiga hendeli, wanarudi kusaga. Aluminiamu iliyokwisha jipaka kwenye slivu haiondoki kwa kupoa. Itakwama tena, na safari hii vibaya zaidi. Lazima hedi ifunguliwe, slivu itazamwe kwa tochi na kupapaswa kwa ukucha. Mikwaruzo inayoshika ukucha maana yake ni slivu na pistoni mpya. Na kutia maji baridi kwenye injini ambayo bado inaunguza mkono ni njia ya hakika ya kupasua hedi.

Ikiwa ni kutu, dawa ni kulowesha na kungoja. Silinda husimamishwa wima, hata kama ni kwa kuinua injini nzima, ili dawa ikae juu ya pistoni na kujipenyeza kando ya ringi. Mafuta ya taa au dizeli hufaa ila ni ya polepole. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa asetoni na mafuta ya gia za otomatiki hupenya upesi zaidi, ila asetoni hushika moto kama petroli na haitakiwi karibu na jiko wala sigara. Siku ya kwanza usiguse kitu. Siku ya pili weka alama ya chaki kwenye flaiwili na nyingine kwenye bodi ya injini, kisha bana ubao imara kwenye flaiwili na uisukume pande zote mbili, kidogo kidogo, bila mshtuko. Alama zikiachana hata kwa upana wa mstari wa chaki, kazi imekwisha shinda, ingawa itaonekana kana kwamba hakuna kilichotokea. Rudisha ulipotoka, ongeza dawa, sukuma tena. Kurudi nyuma ni muhimu kuliko kwenda mbele, kwa sababu ndiko kunakotoa unga wa kutu na kuyapisha mafuta. Anayetaka kuvuka eneo lenye kutu kwa mkupuo mmoja huvunja ringi, na ringi iliyovunjika huchimba mfereji kwenye slivu.

S195 na ndugu zake wana nafuu ambayo haitumiwi inavyostahili. Slivu yao ni ya kuchomolewa, imezungukwa na maji na kuzibwa kwa mipira. Pistoni ikikataa kabisa, fungua kifuniko cha nyuma, legeza bolti za konrodi kwenye krankshafti, kisha toa slivu pamoja na pistoni ikiwa ndani yake. Bodi na krankshafti, ambavyo ndivyo vya gharama, havikuguswa. Kazi iliyobaki inafanyikia mezani au kwenye presi ya gereji, kwa kigogo cha mti mgumu kilichochongwa kuenea tundu la silinda, maana kichwa cha pistoni ni aluminiamu na chuma kitakiumbua. Injini za zamani za Lister, zilizoanza kutengenezwa Dursley, Uingereza, karibu na mwaka 1930 na baadaye kunakiliwa kwa wingi huko Rajkot, India, nazo hustahimili kutu kwa namna ya kushangaza kwa sababu ya unene wa chuma chake. Kwa hizo kuna njia ya grisi: vali zote zikiwa zimefungwa, silinda hujazwa pomoni, kisha pampu ya grisi huungwa kwenye tundu la nozeli na kusukumwa taratibu. Usitumie hewa ya kompresa badala yake. Grisi ikipata upenyo shinikizo lake hufa papo hapo. Hewa iliyobanwa huendelea kusukuma na inaweza kurusha chuma kama risasi. Ikiwa kilichokwama ni plunja ya pampu ya dizeli, hiyo ina masharti yake: nafasi kati yake na silinda yake ni sehemu chache tu za elfu za milimita, na viwili hivyo vilisagwa pamoja. Ukiigonga hata mara moja, tafuta nyingine.

Mwenye karasha ana jibu lake kwa haya yote, na si jibu la kipuuzi. Atasema siku moja ya karasha kusimama ni viroba vya mawe vya watu vimelala, na wateja watahamia kwa jirani. Ni kweli. Lakini kulowesha hakuhitaji mtu. Dawa hufanya kazi wakati fundi anatengeneza kitu kingine na mwenye karasha anakodi injini ya muda. Nyundo huonekana ya haraka kwa sababu hesabu yake huanza pale inapopigwa na kuishia pale injini inapozunguka. Ile safari ya Kahama au Mwanza kutafuta konrodi wiki mbili baadaye haiandikwi kwenye daftari hilo. Atasema pia kwamba amewahi kuona nyundo ikifungua injini kwa dakika kumi. Bila shaka ameona. Kutu ikiwa changa, chochote kitafanya kazi, na hilo ndilo tatizo: nyundo hufundisha somo lake siku ya bahati, kisha linatumika siku ambayo bahati haipo.

Pingamizi la spea lina nguvu zaidi. Kama seti ya pistoni na slivu inapatikana dukani mjini Geita, kwa nini kubembeleza ya zamani? Kwa sehemu hiyo moja, sina ubishi. Mtu anayelowesha wiki nzima ili kuokoa slivu iliyokwisha liwa na vumbi anapoteza muda wake. Vumbi la mawe ya dhahabu lina kwatzi nyingi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha slivu. Likipita kwenye chujio lililokauka oili, hugeuka msasa. Ila lengo la kulowesha halijawahi kuwa kuokoa slivu. Lengo ni kuitoa bila kuharibu bodi, krankshafti na beringi zake, ambazo haziuzwi kwa seti wala kwa bei hiyo. Spea kuwa nafuu kunapaswa kumpa fundi utulivu, siyo ruhusa ya kubomoa.

Na umeme? Makarasha mengi yamekwisha hamia kwenye mota za umeme pale shirika la umeme, TANESCO, lilipofika, na mwenye kusaga kwa mota hana hamu ya kurudi kwenye dizeli. Hata hivyo rashi haingoji nguzo. Mgodi mkubwa wa Geita wenyewe, uliofunguliwa mwaka 2000, uliishi kwa mitambo yake ya kuzalisha umeme kwa zaidi ya miaka 20. Injini iliyofunguliwa vizuri itapata kazi: kwenye duara jipya lisilo na umeme, au kwenye pampu ya bustani pembeni mwa bwawa.

Ikishazunguka kwa mkono, bado haijawa salama kuwashwa. Mwaga oili yote, tia mpya, zungusha kwa hendeli mara nyingi vali ikiwa imeshikiliwa wazi, mpaka uhakikishe oili inapanda na mafuta ya kuloweshea yametoka kwenye silinda. Yakibaki mle ndani yatawaka kama dizeli, na gavana ya injini haina mamlaka juu ya mafuta ambayo haikuyapima. Injini inaweza kukimbia hadi ijipasue, hata ukifunga tangi la dizeli. Kwa hiyo mara ya kwanza kuwasha, chujio la hewa liwe limetolewa, mkanda usifungwe, na mtu mmoja asimame ubavuni akiwa na ubao mnene unaotosha kuziba mdomo wa hewa. Asitumie kiganja wala tambara. Injini ikizidisha kasi, ubao ule ndiyo breki pekee iliyopo.