Rangi ya viatu haifufui raba

Anayetaka kuuza gari kuukuu Dar es Salaam mara nyingi haanzii kwa fundi wa injini. Anaanzia kwa vijana wa kuosha magari, wampakie raba na plastiki zote zirudi kuwa nyeusi tii. Wapo wanaotumia rangi ya viatu, wapo wanaopitisha dizeli. Picha zinatoka safi, mnunuzi anapiga simu. Wiki chache baadaye raba ya mlango imevimba, inanata vidoleni, na mvua ikinyesha kapeti linaloa.

Raba za milango na vioo kwenye magari mengi ni mpira wa viwandani uitwao EPDM. Unavumilia jua na mvua kuliko mpira wa asili, ila hauelewani kabisa na dizeli, mafuta ya taa wala oili: humo huvimba na kulegea. Weusi wake unatokana na masizi ya kaboni, yaleyale yanayotia weusi matairi, na moja ya kazi zake ni kuukinga mpira dhidi ya jua. Nasi tuko nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta. Jua likishaula uso wa raba, masizi hubaki juu kama vumbi. Pitisha kitambaa cheupe uone kinavyotoka.

Toyota Corolla 110 ilianza kutengenezwa mwaka 1995, na bado zimejaa barabarani. Kenya haipokei gari lililotumika zaidi ya miaka 8. Sisi tunalipokea, tunalitoza ushuru wa uchakavu, kisha maisha yanaendelea. Ndiyo maana mitaa ya spea ya Gerezani haikosi wateja. Ukishuka kituo cha mabasi ya mwendokasi ukaingia humo, utakuta raba za mtumba zimening'inizwa kwa mafungu, zimebanduliwa kwenye magari yaliyokatwa.

Kabla ya kununua, bonyeza raba kwa kidole gumba. Ikirudi haraka, bado ina uhai. Ikibaki imelala ulipobonyeza, au ikionyesha nyufa ukiikunja, iache hata kama inang'aa kuliko zote. Na uende na ile ya zamani mkononi, maana ya mbele si ya nyuma, ya kushoto si ya kulia.

Lakini raba nyingi zinazotupwa zilihitaji kuoshwa tu. Maji, sabuni laini na mswaki wa zamani, usugue hadi ndani ya mfereji ambako mchanga hujificha na kuikwangua kila mlango unapofungwa. Iache ikauke vizuri. Kisha chukua grisi ya silikoni, au glisirini ya duka la dawa, upake kidogo sana kwa vidole, ulaze usiku kucha na kufuta kilichobaki. Silikoni isiguse kioo cha mbele wala bodi inayosubiri kupigwa rangi, kwa sababu rangi itakataa kushika na kuacha vidoa kama macho ya samaki.

Plastiki za bampa zilizogeuka kijivu ni suala jingine. Fundi akizipitishia moto weusi hurudi papo hapo, kwa kuwa uso umeyeyushwa kidogo, lakini jua likiendelea kijivu nacho hurudi. Zikiwa zimechoka sana, heri kuzisugua, kuzipiga praima ya plastiki na kuzipaka rangi.

Hatari kubwa huwa haionekani. Kila mlango una matundu madogo chini kabisa, ya kutolea maji yaliyopita kwenye raba za kioo. Matope yakiyaziba, maji hukaa ndani na kutu huanza kula bati kutoka upande usiouona. Yazibue kwa kijiti kabla ya masika, hata kama raba zako ni mpya.

Na ukiwa wewe ndiye mnunuzi, usihangaike na weusi. Weka risiti kwenye ukingo wa mlango, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kubanwa, hapo maji yatapita. Fanya hivyo mlango mzima, pembe kwa pembe, na muuzaji akianza kukueleza bei ya ringi, wewe endelea kuvuta.