Silinda Hedi ya Levin: Kabla ya Kutoa Pesa, Toa Rula

Mwaka 1983 Toyota ilitoa injini ya petroli iliyoitwa 4A-GE. Ilikuwa na silinda 4, ujazo wa sentimita za ujazo 1,587, valvu 16 na kamshafti mbili zilizokaa juu. Hedi yake ilibuniwa kwa ushirikiano na Yamaha, kampuni ileile iliyoshirikiana na Toyota kuunda gari la michezo la 2000GT katika miaka ya 1960. Injini hiyo ilifungwa kwenye Corolla Levin na Sprinter Trueno za AE86, ikaingia kwenye MR2, na baadaye ikaja yenye valvu 20 kwenye Levin za AE101 na AE111. Ni injini ndogo, lakini inazunguka zaidi ya mara 7,000 kwa dakika bila kulalamika, na sifa hiyo inatokana zaidi na hedi kuliko bloku.

Ndiyo maana hedi hizo bado zina wanunuzi. Spea za mtumba kutoka Japani huteremshwa kwa makontena, nyingine zikipitia kwanza kwenye maduka ya vyuma vilivyotumika huko Sharjah, hadi zinapofika Kirinyaga Road jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam au Kisekka jijini Kampala. Anayeuza husema hedi ni safi. Anayenunua huigeuza mara mbili tatu, huipiga kwa kucha, kisha hujadili bei. Kwa macho peke yake, wote wawili hawajajua chochote.

Hedi hukaa mahali pagumu kuliko sehemu nyingine ya injini. Chini yake mchanganyiko wa hewa na petroli unawaka kwa joto linalopita nyuzi 2,000 za Selsiasi, ilhali alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu. Kinachoiokoa ni maji yanayopita ndani ya njia zake na kuondoa joto kila sekunde. Rejeta ikiziba, pampu ya maji ikichoka au bomba likipasuka, wokovu huo unakatika. Gari linachemsha, dereva anasema atafika nyumbani kwanza, na katika kilomita hizo chache za mwisho hedi inaharibika.

Sababu yake ni ya kifizikia. Bloku ya 4A-GE ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya alumini, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Hedi yenye urefu wa milimita 400, ikipanda joto kwa nyuzi 80, hurefuka kwa takribani milimita 0.7, chuma kilichopo chini yake hurefuka kwa nusu ya hapo. Katika siku za kawaida gasketi huvumilia msuguano huo. Lakini injini ikichemsha, sehemu ya katikati hupata joto kupita kiasi, inataka kutanuka, na bolti 10 zimeibana isiende kokote. Metali ikikosa nafasi, hujikunja. Ikipoa hairudi ilivyokuwa.

Kupima mpindo huo hakuhitaji mashine ya bei kubwa. Fundi anakwangua mabaki ya gasketi, anaisafisha hedi kwa petroli, kisha analaza juu yake rula ya chuma iliyonyooka kabisa: kwa urefu, kwa upana, na kutoka pembe hadi pembe. Anachukua jani jembamba la feela geji na kujaribu kulipenyeza chini ya rula. Kikomo cha Toyota kwa uso unaokutana na bloku ni milimita 0.05, wembamba wa unywele. Jani la kipimo hicho likipita katikati bila kukwama, hedi hiyo imepinda.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Jibu la haraka mitaani ni kuipeleka hedi ikaskimiwe: mashine inakwangua uso wa chini hadi ung'ae na unyooke. Uso unanyooka kweli. Ila hedi iliyopinda imepinda yote, na juu kuna njia ambamo kamshafti zinazunguka. Katika 4A-GE kamshafti hazina beringi za kubadilisha. Zinazunguka moja kwa moja ndani ya alumini ya hedi, juu ya utando mwembamba wa oili. Ukinyoosha chini na kuacha juu kumepinda, umelazimisha fimbo iliyonyooka izunguke ndani ya njia iliyopinda. Itakwama, italamba alumini, na mwisho wake inaweza kukatika.

Kwa hiyo kipimo cha maana kuliko vyote ni cha mkono. Valvu na vikombe vyake vikiwa vimetolewa, kamshafti inapakwa oili, inalazwa mahali pake, na kepu zake zinakazwa kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini. Kisha inazungushwa kwa vidole. Ikizunguka laini mzunguko mzima, njia yake imenyooka. Ikigoma mahali fulani, hedi inahitaji kunyooshwa kabla ya kuskimiwa. Karakana zenye uzoefu huifunga juu ya bamba nene la chuma, huweka vipande vyembamba chini ya ncha zake, huivuta katikati kwa bolti na kuiacha ndani ya tanuri kwa saa kadhaa. Ni kazi ya subira, na wanaoiweza si wengi.

Kuskimu nako kuna mpaka. Kila silinda ya 4A-GE ina upana wa milimita 81. Ukiondoa nusu milimita kwenye hedi, chumba cha mwako hupungua kwa hadi sentimita za ujazo 2.5 hivi, na kompresheni ya 9.4 kwa 1 ya injini za mwanzo hupanda kukaribia 9.9. Kwa petroli hafifu, injini inaweza kuanza kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe kwa fujo badala ya kuwaka kwa utaratibu. Valvu nazo zinasogea karibu na pistoni, na kamshafti zinachelewa kidogo kwa sababu umbali wa mkanda wa taimingi umepungua. Hedi ambayo imeskimiwa mara mbili tatu na wamiliki tofauti inaweza kuwa imenyooka vizuri na bado isifae.

Nyufa ni shauri jingine. Hupenda kujificha kati ya vikalio vya valvu, au kati ya kikalio na tundu la plagi, mahali ambapo metali ni nyembamba na joto ni kali. Kwenye bloku ya chuma, fundi hutafuta ufa kwa sumaku na unga wa chuma. Alumini haishiki sumaku, hivyo njia hiyo haifanyi kazi. Hupakwa rangi nyekundu inayopenya, hufutwa, kisha hunyunyiziwa unga mweupe. Ufa ukiwepo, mstari mwekundu hujichora wenyewe. Kipimo bora zaidi ni cha presha: njia zote za maji huzibwa kwa mipira, hewa hupulizwa ndani, na hedi huzamishwa kwenye maji ya moto. Baada ya muda kiputo kimoja kinapanda, halafu kingine, kutoka palepale. Maji yawe ya moto kwa sababu kuna nyufa zinazofunguka metali ikitanuka tu.

Ufa wa namna hiyo unaweza kuchomelewa, lakini si kwa mashine ya kuchomelea mageti. Juu ya alumini kuna ngozi ya oksaidi inayoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, wakati metali iliyo chini yake imeshakuwa uji. Mchomeleaji hutumia TIG yenye mkondo wa umeme unaogeuka-geuka, unaovunja ngozi hiyo, baada ya kuipasha hedi nzima joto ili isipasuke upya ikipoa.

Zikishamalizika hizo, valvu ni kazi nyepesi kwa kulinganisha. Kikalio hukatwa kwa nyuzi 45, kikapunguzwa juu na chini kwa 30 na 60, hadi ukanda wa kugusana ubaki milimita 1.0 hadi 1.4. Nafasi za valvu injini ikiwa baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa za kuingiza hewa, na 0.20 hadi 0.30 kwa za ekzosi. Hurekebishwa kwa visahani vidogo vinavyoitwa shimu.

Muuzaji mwaminifu, basi, anauza nini? Anauza hedi pamoja na kepu zake zote za kamshafti, kwa sababu kepu hutobolewa zikiwa zimefungwa kwenye hedi yake, na za hedi nyingine hazitakaa sawa hata zikifanana. Anahifadhi shimu kwa mpangilio wake. Anapima unene uliobaki na kuutaja, pamoja na matokeo ya presha. Hedi iliyopakwa rangi ya fedha au kupulizwa mchanga hadi ikawa nyeupe itiliwe shaka: rangi huficha ufa, na chembe za mchanga zikibaki kwenye njia za oili husaga injini mpya ndani ya muda mfupi.

Na kilichoiua hedi ya kwanza kishughulikiwe kabla ya kufunga ya pili. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima cha rejeta ndicho kinachozuia yasichemke mapema. Kifuniko kilicholegea, maji ya bomba yasiyo na kulanti na thamostati iliyong'olewa ni matatizo ya bei ndogo yanayoua spea ya bei kubwa.

Anayekwenda kununua abebe rula, feela geji na oili kidogo, na aombe kamshafti ifungwe mbele yake. Ikigoma kuzunguka kwa mkono, aiache hedi hiyo dukani, hata bei ikishushwa nusu.