Upumuaji wa Seli: Mfano wa Mwogeleaji wa Mashindano

Watahiniwa wengi hukariri tofauti kati ya upumuaji unaotumia oksijeni na usiotumia oksijeni, lakini hukwama swali linapowataka wazitumie. Jifunze kwa mfano huu.

Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Cameron McEvoy wa Australia alishinda mita 50 za mtindo huru kwa sekunde 21.25. Bobby Finke wa Marekani alishinda mita 1500 kwa dakika 14 na sekunde 30.67. Misuli yao haikupata nishati kwa njia moja.

(a) Umbali mfupi
Sekunde 21 hazitoshi moyo na mapafu kufikisha oksijeni yote inayohitajika. Misuli hutumia akiba yake ndogo ya nishati, kisha huvunja glukosi bila oksijeni:

Glukosi → asidi ya laktiki + nishati kidogo

Nishati hii ni kidogo, lakini hupatikana upesi.

(b) Umbali mrefu
Hapa sehemu kubwa ya nishati hutokana na oksijeni:

Glukosi + oksijeni → kabonidayoksaidi + maji + nishati nyingi

Kocha hutumiaje maarifa haya?
1. Mwogeleaji wa umbali mfupi huogelea vipande vifupi kwa kasi kubwa na kupumzika muda mrefu kati yake. Wa umbali mrefu hurudia vipande vingi kwa mapumziko mafupi, hivyo moyo wake huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo.
2. Kocha huweza kupima asidi ya laktiki katika tone la damu la kidoleni au sikioni. Kasi ambayo asidi huanza kupanda ghafla ni kasi ambayo mwogeleaji hawezi kuihimili kwa muda mrefu.
3. Baada ya shindano, mwogeleaji huogelea polepole badala ya kukaa. Mzunguko wa damu huendelea vizuri, na asidi huondolewa upesi kwenye misuli.

Swali: Kwa nini mwogeleaji huendelea kuhema baada ya kumaliza mita 100? (Alama 3)
Jibu: Misuli ilipumua bila oksijeni ya kutosha (1), asidi ya laktiki ikajikusanya (1), sasa oksijeni ya ziada inahitajika kuiondoa, yaani kulipa deni la oksijeni (1).

Epuka kosa hili: usiandike kwamba misuli ikipumua bila oksijeni hutoa alkoholi na kabonidayoksaidi. Hiyo ni hamira.

Tahadhari: usihemeheme kwa haraka kabla ya kupiga mbizi ili ukae chini ya maji muda mrefu. Kuhema huko hupunguza kabonidayoksaidi mwilini, nayo ndiyo hukusukuma uvute pumzi. Oksijeni huweza kupungua mno kabla hujahisi haja hiyo, ukazimia na kuzama. Swali likikuuliza sababu, utapata alama. Ukiwa majini, utaokoa maisha yako.