Chumvi Izuiayo Ukungu Katika Chakula cha Mifugo

Mfugaji afunguaye gunia la chakula cha ng'ombe wakati wa masika, akakuta mabonge yenye manyoya ya kijani na harufu ya uvundo, hupata hasara mara mbili. Fedha zake zimepotea, na tena chakula kile chaweza kuwa na sumu. Ukungu huota upesi mahali penye joto na unyevu, wala haubagui mahindi, pumba wala mashudu.

Baadhi ya aina za ukungu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Ilijulikana baada ya mwaka wa 1960, wakati batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoharibika. Katika Kenya yenyewe, mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao katika Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka. Ng'ombe alaye chakula chenye sumu hiyo huitoa sehemu yake katika maziwa, na kuyachemsha maziwa hakuiondoi. Kwa hiyo gunia bovu la zizini laweza kumfikia mtoto mezani.

Miongoni mwa vitu vitumiwavyo kuzuia ukungu ni chumvi moja iitwayo propioneti ya kalsiamu. Ni unga mweupe, wenye harufu hafifu, nao huyeyuka katika maji. Hupatikana kwa kuchanganya asidi ya propioni na chokaa. Asidi hiyo si kitu kigeni kwa mnyama: vijidudu vilivyo katika tumbo kubwa la ng'ombe huitengeneza kila siku kutokana na malisho, na ini lake huigeuza kuwa sukari ya kumpa nguvu. Waokaji mikate nao huitumia chumvi hiyo hiyo, kwa maana huzuia ukungu wa mkate bila kuizuia sana hamira isiumue unga. Katika nchi za Ulaya huandikwa juu ya karatasi ya mkate kwa alama ya E282.

Kazi yake ni hivi. Chakula kikiwa na unyevu, chumvi huyeyuka na asidi hutoka ndani yake. Asidi hupenya katika chembe za ukungu, ikauharibu mwenendo wake wa ndani hata usiweze kukua. Lakini hufanya kazi vizuri mahali penye uchachu kidogo tu. Chakula cha kuku wa mayai, ambacho hutiwa chokaa nyingi kwa ajili ya maganda, huipunguzia nguvu. Wenye viwanda wangeweza kutumia asidi yenyewe, nayo ina nguvu zaidi, ila huunguza ngozi, hukereta macho na kula vyuma vya mashine. Chumvi ni pole kuishika.

Kipimo hutegemea unyevu wa chakula na muda wa kukiweka. Mara nyingi ni kilo 1 hadi 3 katika tani moja, yaani gramu 70 hadi 210 katika gunia la kilo 70, nayo maagizo yaliyoandikwa na mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa. Haifai kuirusha kwa konzi juu ya gunia. Kwanza huchanganywa na chakula kidogo katika karai, kisha mchanganyiko huo hutiwa katika chakula chote na kugeuzwa kwa beleshi mara nyingi, kwa kuwa kila pembe isiyofikiwa ni shamba la ukungu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Chumvi hii huzuia ukungu usianze. Haiondoi sumu iliyokwisha kuingia. Mahindi yaliyooza hayawi mazima kwa kunyunyiziwa unga mweupe, hata yakipoteza harufu. Wala haichukui mahali pa jua: mahindi ya kuwekwa hukaushwa mpaka unyevu wake usizidi asilimia 13.5, na magunia huwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta.

Waganga wa mifugo wana matumizi mengine. Ng'ombe wa maziwa mengi akizaa, kalsiamu ya damu yake yaweza kupungua ghafula. Hupepesuka, kisha hulala akikunja shingo ubavuni. Hiyo ndiyo homa ya maziwa, ingawa mwili wake huwa baridi badala ya moto. Ng'ombe aliye katika hatari ya ugonjwa huo huweza kunyweshwa propioneti ya kalsiamu katika maji mara baada ya kuzaa, naye hupata kalsiamu pamoja na nguvu. Lakini aliyekwisha kuanguka asinyweshwe kitu, kwa sababu koo lake limelegea na dawa yaweza kuingia mapafuni ikamwua. Huyo huhitaji kutiwa kalsiamu katika mshipa na mganga, na saa chache za kukawia zaweza kuwa nyingi mno.