Uzito ule ule, lori moja linapita na lingine linalala: kwa nini?

Sisi tunaoishi kando ya barabara ya kwenda Rusumo malori tumeyazoea kama tulivyozoea migomba. Mzigo unatoka bandari ya Dar es Salaam, unakata zaidi ya kilometa 1,200, unaingia Biharamulo kwa Nyakanazi na Lusahunga, unapita Nyakahura, halafu huku kwetu Ngara njia inagawanyika. Wa Rwanda wanashuka Rusumo, wa Burundi wanashika njia ya Kabanga.

Sasa likilala lori moja, nenda kijiweni usikilize. Wa kwanza atasema mwendo. Wa pili atasema breki. Wa tatu ataleta habari za uchawi. Na dereva akisimamishwa mizani utamsikia analalamika: "Mbona tani zangu hazijazidi?" Kuna jambo moja ambalo watu hawalitaji, nalo ni mzigo ulikaaje. Tani siyo habari yote. Nusu ya pili ya habari ni tani hizo zimekaa wapi.

KITOVU CHA UZITO

Chukua jembe lenye mpini, lilaze juu ya kidole kimoja mpaka litulie bila kuanguka. Utaona kidole hakikai katikati ya mpini, kinasogea karibu na chuma. Hapo kidole kilipo ndipo kitovu cha uzito wa jembe. Ni kama vile uzito wote wa jembe umekusanyika sehemu hiyo moja. Kila kitu kina kitovu chake: gunia, lori, hata wewe uliyekaa hapo kwenye kompyuta.

Mnakumbuka nyenzo za shule ya msingi? Egemeo, mzigo, jitihada. Tela ni somo lile lile, tofauti ni kwamba lina matairi.

MKOKOTENI UNAJUA FIZIKIA

Tuanze na mkokoteni wa magurudumu mawili. Egemeo ni ekseli. Ukipanga magunia yote nyuma ya ekseli, mikono inanyanyuka na wewe unaning'inia kama popo. Ukiyapanga yote mbele, unabeba nusu ya mzigo kwa mgongo. Msukuma mkokoteni mzoefu hupanga mzigo uzidi kidogo tu mbele ya ekseli, mikono ikae chini kwa uzito mdogo. Hajasoma popote, mwili umemfundisha.

Halafu aanze kupanda mlima. Mzigo ukiwa mrefu, mkokoteni ukiinama kitovu kinarudi nyuma, kinavuka ekseli, na mikono inaruka juu. Mzigo wa kilo zile zile ukiwa mfupi haufanyi hivyo. Hapo umeshapata masomo mawili kwa mpigo: mbele na nyuma, halafu juu na chini.

Tela dogo la kuvutwa na pikapu ni vile vile. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, tela linanyanyua mkia wa gari na kuanza kuyumba kulia na kushoto. Kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo linavyozidi, mpaka linaivuta gari yenyewe nje ya barabara. Ndiyo maana wataalamu wengi wanashauri kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ukandamize pale kwenye kiungo.

HESABU YA SEMI

Semi inashikiliwa sehemu mbili: mbele kwenye pini inayokaa juu ya kichwa, na nyuma kwenye ekseli zake tatu. Tuseme toka pini mpaka katikati ya ekseli tatu ni mita 8, na mzigo ni tani 28. (Hizi ni namba za mfano, kila gari lina zake.)

Kitovu cha mzigo kikiwa mita 5 nyuma ya pini, ekseli za nyuma zinabeba 28 mara 5 gawa kwa 8, yaani tani 17.5. Pini inabeba zilizobaki, 10.5. Sasa kisogeze nyuma mita moja tu, kiwe mita 6. Nyuma panakuwa tani 21, mbele 7. Mita moja imehamisha tani tatu na nusu! Hakuna gunia lililoongezwa wala kupunguzwa.

Ongeza sasa uzito wa tela lenyewe. Tuseme tani 8, kati ya hizo 6 zinakaa nyuma. Kwenye mpango wa kwanza ekseli tatu zinabeba tani 23.5. Kwenye mpango wa pili zinabeba tani 27. Kumbuka hizo 23.5 na 27, tunazipeleka mizani.

MIZANI INAPIMA EKSELI PIA

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitumia tarehe 1 Machi 2019. Inaruhusu ekseli ya usukani tani 8, ekseli mbili za pamoja zenye matairi manne kila moja tani 18, na ekseli tatu za pamoja tani 24. Jumla, gari la ekseli sita kama semi yetu ni tani 50, na gari lolote lisizidi tani 56.

Kichwa cha tani 9, tela tani 8, mzigo tani 28: jumla 45. Tuko chini ya 50, safi kabisa. Lakini mpango wa pili una tani 27 kwenye ekseli tatu, umezidi kwa tani 3. Dereva anasema kweli kwamba tani zake hazijazidi, na mwenye mizani naye anasema kweli kwamba amezidisha. Wote wako sahihi! Kinachotakiwa hapo ni kupanga upya, na kupanga upya porini ni makuli, ni muda, ni hela.

Siyo ukorofi wa serikali. Marekani walifanya jaribio kubwa la barabara kule Illinois kuanzia 1958 hadi 1960, likaonyesha kwamba uharibifu wa lami hauendi sambamba na uzito wa ekseli, unaruka. Kwa kanuni iliyotokana na jaribio hilo, ekseli ikizidi kwa asilimia 10 lami inaumia karibu nusu zaidi. Ikibeba mara mbili, inaumia kama mara 16.

Usalama nao upo. Mzigo ukirudi nyuma sana, matairi ya kichwa yanayovuta yanakosa uzito wa kuyabana chini. Wakati wa mvua kichwa kinateleza kwenye kupanda, na kwenye kushuka ukishika breki tela linakisukuma kichwa mpaka kinageuka ubavu.

KIMO NDICHO KINACHOLAZA GARI

Kwenye kona gari linataka kuendelea moja kwa moja, matairi yanalivuta ndani. Kadiri kitovu kilivyo juu, ndivyo gari linavyopata nguvu ya kujilaza.

Tuseme toka katikati ya gari mpaka tairi la nje ni mita 1. Kitovu kikiwa mita 2 toka chini, gari linaanguka nguvu ya pembeni ikifika nusu ya uzito wake. Kitovu kikiwa mita 1.5, mpaka ifike theluthi mbili. Chukua kona kali, ya nusu kipenyo mita 50. Kwa kilometa 40 kwa saa nguvu hiyo ni kama robo ya uzito. Kwa 50 ni kama asilimia 39. Kwa 60 ni kama asilimia 57. Kwa hiyo kwa 60 gari la kimo cha mita 2 linalala, la mita 1.5 kwenye makaratasi linapita. Barabarani hali ni mbaya zaidi ya makaratasi, maana springi na matairi hubonyea na kukiegemeza kitovu upande wa nje. Asije mtu akaendeshea hesabu yangu!

Mafuta yana lake. Tanki lililojaa pomoni halina nafasi ya kuchezea. Lililojaa nusu, mafuta yanakimbilia nje ya kona pamoja na kitovu, kwa hiyo gari jepesi linaweza kuwa la hatari kuliko zito. Hiyo ni sababu mojawapo ya matenki kugawanywa vyumba. Na likilala, tafadhali kaeni mbali. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu walikimbilia kuchota mafuta ya lori lililopinduka, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100.

Halafu kuna Fuso za mnadani. Magunia yamepanda juu, na juu ya magunia wamekaa watu ishirini. Wale watu ni uzito uliowekwa sehemu mbaya kuliko zote, na kwenye kona wote wanaegemea upande mmoja. Gari likilala, wao ndio wa kwanza kufika chini.

KWA MNAOPAKIA

Vijana wengi wa huku ni makuli au utingo, kwa hiyo haya ni yenu. Vizito chini, vyepesi juu: nondo na saruji sakafuni, magodoro juu. Usijaze kutoka mlangoni kwa sababu tu ni rahisi kushusha. Pande mbili, kulia na kushoto, zilingane. Funga mzigo usitembee, maana mzigo unaotembea unatembea na kitovu. Ukishusha nusu njiani, panga upya kilichobaki. Na kontena lililofungwa lakiri usiliamini: tangu 1 Julai 2016 kontena la meli lazima lipimwe uzito kabla ya kupakiwa melini, lakini karatasi ile inasema tani ngapi, haisemi zimekaa upande gani.

Dereva anashika usukani, lakini gari litasimamaje kwenye kona ulishaamua wewe uliyepanga magunia, na wewe umebaki nyumbani umelala. Ukilipwa kwa gunia utaharakisha, najua. Ila kumbuka yuko mtu anashuka nalo Rusumo usiku.

Madereva, utingo na makuli mliopo humu, mwageni uzoefu wenu hapo chini. Nilipokosea hesabu nisahihisheni.